LUGHA NA FASIHI: Idara ya Kiingereza ilifutwa 1968, lakini kazi haikukamilika

JUMAMOSI mbili zilizopita nilikuwa Ainabkoi, Kaunti ya Uasin Gishu. Nilikuwa nimealikwa na mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa ni mwalimu wa shule ya upili. Binti yake wa kwanza amepata nafasi katika chuo kikuu kimoja cha umma kusomea ualimu, na masomo yake mawili ni Kiingereza na Fasihi. Familia iliona vyema kumwombea kabla hajaondoka. Baridi ya Ainabkoi wasomaji wanaopita barabara ya Nakuru kwenda Eldoret wanaijua. Ukungu ulikuwa umefunika mashamba ya viazi, na mursik ilitolewa kwenye vibuyu kabla hata hatujaketi vizuri.

Nyanya ya msichana huyo, ambaye kila mtu pale humwita Kogo, aliniita niketi karibu naye.

“Chamgei, mwalimu,” akanisalimu.

“Mising, Kogo,” nikajibu, maana hicho ndicho Kikalenjin ninachoweza kukitamka bila kuchekwa.

“Mwalimu, nataka kukuuliza kitu. Huyu mtoto alianza Kiingereza chekechea. Akasoma Kiingereza primari. Akasoma tena sekondari, akapita. Sasa ati anaenda kukisoma tena miaka minne. Kwani hicho Kiingereza hakiishi? Ni kitu gani kilibaki?”

Watu walicheka. Nami nikacheka, kisha nikatoa jibu la haraka: akimaliza ataajiriwa kuwa mwalimu kama baba yake.

Kogo akanitazama kwa upole. “Hiyo ni kazi. Mimi nimeuliza masomo.”

Msomaji wangu, nimefundisha fasihi linganishi katika vyuo vikuu kwa zaidi ya miaka thelathini. Nimeketi katika vikao vingi vya kuidhinisha mitaala. Sikumbuki swali hili kuulizwa kwa uwazi wa namna hiyo katika kikao hata kimoja. Nalirejelea leo kwa sababu sikulijibu vyema siku ile, na kwa sababu jibu lake linagusa deni ambalo sisi wahadhiri tumelibeba tangu mwaka wa 1968.

Kujua lugha na kuisomea lugha

Hebu tuanze na lililo rahisi. Kujua lugha na kuisomea lugha ni mambo mawili tofauti. Kogo anakijua Kikalenjin kuliko mhadhiri yeyote wa isimu, lakini hajawahi kukisomea. Dereva wa matatu hujua gari lake litavuta vipi mlima wa Timboroa, ilhali si mhandisi. Anayesomea Kiingereza chuo kikuu hapaswi kuwa anaongezewa msamiati na kurekebishwa sarufi ya shule. Anafundishwa kuitazama lugha kama kitu chenye muundo, historia na siasa, kisha kuyatumia maarifa hayo kutazama lugha nyingine yoyote.

Nitatoa mfano kutoka uwanda ule ule wa Uasin Gishu. Mgeni Mswahili akiona kibao kilichoandikwa “Ainabkoi” ataona neno “aina” na kudhani ni aina ya kitu fulani. Wenyeji watamwambia kwamba kwa Kikalenjin jina hilo linahusu mto na mawe, yaani mto wa mawe. Sasa sogea hadi Eldoret. Jina hilo, kwa maelezo yanayokubalika sana, limetokana na neno la Kimaasai “eldore”, lenye maana ya mto wenye mawe, kwa sababu ya mawe yaliyojaa katika Mto Sosiani. Jumuiya mbili zilitazama mito ya uwanda mmoja zikaona jambo lile lile, kila moja kwa lugha yake.

Kisha wakaja walowezi. Mwaka 1908 walifika Makaburu kutoka Afrika Kusini wakiwa na magari yao ya kukokotwa na ng’ombe. Kwa hivyo lugha ya Kizungu iliyotangulia kusikika kwa wingi katika mashamba yale haikuwa Kiingereza, ilikuwa Kiafrikaans. Mji wenyewe ulianzia kwenye shamba nambari 64, nao walowezi wakauita kwa nambari hiyo ya Kiingereza. Wenyeji wakaipokea nambari hiyo na kuigeuza kuwa “Sisibo”, jina ambalo wazee bado wanalitumia.

Mtu asiyeisomea lugha atasema Wakalenjin walishindwa kutamka Kiingereza. Aliyeisomea atasema hawakushindwa na lolote, walifuata kanuni. Kikalenjin hakina sauti “f”, kwa hiyo “f” ya Kiingereza ikachukuliwa na “p”, iliyo jirani yake mdomoni. Katika Kikalenjin “p” ikikaa baina ya irabu mbili husikika kama “b”. Mfuatano wa konsonanti ulio katikati ya neno la Kiingereza ukapunguzwa. Sauti “r” ya mwisho haikuwepo hata katika matamshi ya Waingereza wenyewe. Matokeo yake ni Sisibo, nadhifu kabisa. Neno hilo moja lina somo la fonolojia, la ukopaji wa maneno na la historia ya ardhi iliyopewa nambari na watu ambao hawakujua kwamba tayari ilikuwa na jina.

Mwanafunzi wa Kiingereza anayeweza kufafanua Sisibo amesoma. Mwanafunzi anayeweza kutaja majina ya wanaisimu kumi wa Ulaya na Marekani lakini akaona Sisibo kuwa “Kiingereza kibovu” amekariri tu. Nasikitika kusema kwamba kila mwaka tunawafuzisha wengi wa aina hii ya pili.

Yaliyotokea Nairobi mwaka 1968

Upande wa fasihi ndio wenye utata zaidi. Wasomaji wa safu hii wanajua kwamba kwa muda mrefu kusomea fasihi katika Afrika Mashariki kulimaanisha kusomea fasihi ya Uingereza. Hali hiyo ndiyo aliyoikuta Ngugi wa Thiong’o alipojiunga na Chuo cha Makerere mwaka 1959 kusomea Kiingereza. Mwanafunzi alipitishwa kwa Shakespeare, kwa washairi wa maua ya majira ya kuchipua, hadi kwa waandishi wa riwaya wa karne ya 20, na aliyefaulu aliendelea na masomo Uingereza. Ngugi mwenyewe alienda Leeds mwaka 1964.

Juni 1962 Makerere iliandaa kongamano maarufu la waandishi Waafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Wanafunzi waliokuwa na hadithi fupi mbili tatu, Ngugi akiwemo, walipata viti. Shaaban Robert, aliyekuwa ameandika mashairi, riwaya, insha na tawasifu kwa Kiswahili, hakuwa na kiti. Mwezi uo huo wa Juni 1962 Shaaban Robert akafariki. Ngugi alikuja kulitaja jambo hili miaka mingi baadaye katika kitabu chake Decolonising the Mind cha 1986, na kila ninapolisoma huona kwamba ndilo lililohitaji kurekebishwa tangu mwanzo.

Tarehe 24 Oktoba 1968, wahadhiri watatu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho wakati huo kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, waliandika waraka mfupi. Walikuwa Ngugi wa Thiong’o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong. Walikuwa wakijibu pendekezo la kaimu mkuu wa Idara ya Kiingereza kuhusu mustakabali wa idara hiyo. Pendekezo hilo liliacha mlango wazi kidogo kwa maandishi ya Kiafrika, lakini Kiingereza na Uingereza vikabaki katikati. Watatu hao wakakataa. Walitaka idara hiyo ifutwe na mahali pake pawe na idara ya fasihi na lugha za Kiafrika. Waraka huo ulichapishwa baadaye katika kitabu cha Ngugi kiitwacho Homecoming, mwaka 1972.

Wengi huutaja waraka huo bila kuusoma. Husemwa kwamba ulitaka kumfukuza Shakespeare. La hasha! Watatu hao walisema Afrika iwe kitovu, na fasihi nyingine zote zisomwe kwa jinsi zinavyohusiana na kitovu hicho. Walipendekeza fasihi simulizi iwe msingi. Walipendekeza fasihi ya Kiswahili. Walipendekeza fasihi teule ya Ulaya. Walipendekeza fasihi ya kisasa ya Kiafrika, pamoja na ile ya watu weusi wa Karibi na Marekani. Na walisisitiza lugha: Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa.

Idara ya Kiingereza ikafa, ikazaliwa Idara ya Fasihi. Vyuo vingine barani vikaiga. Mwaka 1974 pakafanyika kongamano la walimu katika Nairobi School kuhusu kufundisha fasihi ya Kiafrika katika shule za Kenya. Vizazi vilivyofuata, changu kikiwemo, vilisoma Achebe, Okot p’Bitek na Ousmane Sembène bila kuomba radhi kwa yeyote. Mimi ni zao la waraka huo. Bila huo nisingekuwa profesa wa fasihi.

Palipobaki ufa

Hata hivyo mhakiki hamlipi mwalimu wake kwa sifa tupu. Hoja yangu ni hii: waraka wa 1968 ulishinda katika orodha ya vitabu, ukashindwa katika lugha. Wa kulaumiwa zaidi ni sisi tuliorithi, si wale watatu.

Tazama mpangilio wa vyuo vyetu vingi leo. Kuna idara inayoitwa ya Fasihi, na kuna idara ya Kiswahili. Ile ya kwanza haihitaji kivumishi: ni Fasihi tu, kana kwamba ndiyo fasihi yote. Ukiingia ndani unakuta kwamba karibu kila kinachosomwa kimeandikwa kwa Kiingereza au kimetafsiriwa kwa Kiingereza, kinajadiliwa kwa Kiingereza na kutahiniwa kwa Kiingereza. Fasihi ya Kiswahili imepelekwa ukumbini mwa pili, kwa wahadhiri wengine, na aghalabu watu wa kumbi hizo mbili hukutana kwenye chai tu. Fasihi ya Kiswahili, ambayo waraka uliitaka katikati, imegeuzwa shemeji wa nyumba ya jirani.

Kwa hiyo mwanafunzi anaweza kupata shahada ya Fasihi nchini Kenya, nchi ambayo Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, bila kusoma ukurasa mmoja wa Shaaban Robert, Euphrase Kezilahabi au Said Ahmed Mohamed. Ataisoma Song of Lawino ya Okot p’Bitek, iliyochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1966, na asijue kwamba Lawino alizungumza Kiacholi kwanza. Ataisoma Devil on the Cross na asishangae kwamba Ngugi aliiandika kwanza kwa Kikikuyu na ikachapishwa mwaka 1980 kama Caitaani Mutharaba-ini.

Ngugi mwenyewe aliuona ufa huu. Ndiyo sababu mwaka 1977 alishirikiana na Ngugi wa Mirii na wanakijiji wa Kamirithu kuandaa tamthilia ya Kikikuyu, na mwisho wa mwaka huo akatiwa kizuizini. Aliendelea kuandika kwa lugha yake hadi alipofariki Mei 2025 huko Marekani. Nilisoma makala nyingi za maombolezo. Nyingi zilimsifu kwa kufuta Idara ya Kiingereza. Chache mno ziliuliza iwapo tulifuta kitu chochote zaidi ya kibao cha mlangoni.

Wapo wenzangu wanaojitetea kwamba idara ya Fasihi haiwezi kufundisha matini za lugha nyingine. Hoja hiyo haina mashiko. Watahiniwa wetu wa KCSE wamewahi kusoma A Doll’s House na An Enemy of the People, tamthilia zilizoandikwa na Henrik Ibsen kwa Kinorwe. Wamesoma The Caucasian Chalk Circle, ambayo Bertolt Brecht aliiandika kwa Kijerumani. Zote zilisomwa kwa tafsiri katika somo la Kiingereza, na hakuna mzazi aliyeandamana. Ikiwa Mnorwe na Mjerumani wanaweza kuketi katika darasa la Kiingereza pale Ainabkoi, vipi Mswahili wa Tanga au Ukerewe aambiwe chumba chake ni kile kingine?

Mabepari, wafanyabiashara na Peponi

Wacha nionyeshe tunachokipoteza. Mwalimu Julius Nyerere, aliyesoma Makerere na Edinburgh, alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare. Ya pili ilichapishwa mwaka 1969, mwaka mmoja tu baada ya waraka wa Nairobi, kwa jina Mabepari wa Venisi.

Simama hapo kwenye jina. Shakespeare anataja mfanyabiashara mmoja. Nyerere anataja mabepari, wingi. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa, na neno “bepari” lilikuwa likisikika redioni kila siku kama jina la adui. Mtazamaji wa Dar es Salaam aliyesikia jina hilo hakumfikiria mtu mmoja mwenye merikebu. Alifikiria tabaka. Tayari alikuwa ameambiwa kwamba Antonio na Shylock, wanaochukiana jukwaani, huenda ni ndugu wa kazi moja.

Je, Nyerere alimpotosha Shakespeare? Mhakiki wa haraka atasema ndiyo. Lakini chunguza asili ya neno. “Bepari” lilikuja Kiswahili kutoka lugha za Bara Hindi, na huko lina maana ya mfanyabiashara. Maana ya mmiliki wa mtaji anayenyonya wengine ilikuja baadaye. Kwa hivyo tafsiri ya Nyerere ni sahihi kwa asili ya neno na ni ya kisiasa kwa matumizi yake, kwa wakati mmoja. Wingi tu ndio aliouongeza kwa hiari yake, na humo ndimo alimoweka uhakiki wake.

Sasa nauliza: nani anafundisha jambo hili? Idara ya Fasihi humfundisha Shakespeare bila Nyerere kwa sababu Nyerere ni “wa Kiswahili”. Idara ya Kiswahili humtaja Nyerere katika somo la tafsiri bila Shakespeare kwa sababu Shakespeare ni “wa Kiingereza”. Matini hiyo moja, ambayo ingemfunza kijana mengi kuhusu lugha zote mbili na kuhusu siasa ya miaka ya sitini, imekosa mwenyewe.

Mfano wa pili ni Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Katika riwaya yake Paradise ya 1994, kijana Yusuf anamwita tajiri aliyemchukua “Uncle Aziz”. Anaonywa mapema kwamba huyo si mjomba wake, na kwamba amwite Seyyid. Msomaji wa Kiingereza pekee atadhani ni suala la adabu. Msomaji anayekijua Kiswahili cha pwani atajua uzito wa kumwita mtu kwa jina la udugu, na uzito wa kunyang’anywa ruhusa hiyo. Hapo ndipo Yusuf anapotambua kwamba si mgeni bali ni rehani ya deni la babake. Ida Hadjivayanis aliitafsiri riwaya hii kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 2022 kwa jina Peponi. Mwanafunzi wa Kiingereza na Fasihi aliyeketi na vitabu hivyo viwili mezani ana bahati kubwa kuliko mwenzake wa London. Sharti awe amekisoma Kiswahili kiasi cha kuitumia bahati hiyo.

Kosa langu mwenyewe

Nisije nikaonekana natupia wengine mawe, nitalitaja langu. Mwanafunzi wangu aliyenialika Ainabkoi nilimfundisha miaka ya tisini, nikiwa mhadhiri kijana mwenye kalamu nyekundu. Katika somo la fasihi simulizi aliandika insha kuhusu Chemosit, zimwi la ngano za Kikalenjin. Zimwi hilo lina mguu mmoja, na kinywa chake chekundu humetameta usiku kama taa. Ngano hizo si ngeni kwa wasomi: A. C. Hollis alilieleza zimwi hilo katika kitabu chake kuhusu Wanandi mwaka 1909, na Ciarunji Chesaina akachapisha kitabu kizima kuhusu fasihi simulizi ya Wakalenjin mwaka 1991.

Kiingereza cha kijana huyo kilikuwa kinachechemea. Nyakati za vitenzi ziligongana, vihusishi vikapotea njia. Nilizungushia makosa hadi karatasi ikawa nyekundu, nikampa alama ya D. Miaka kadhaa baadaye, nikipanga makabati yangu, niliikuta nakala ya insha ile nikaisoma tena, safari hii bila kalamu. Alikuwa ameandika kwamba zimwi hili halikimbizi watoto. Huwavuta kwa wimbo na mwanga hadi waende wenyewe wakidhani kuna ngoma. Alikuwa ameandika kwamba mamake, akisimulia, hubadilisha jina la mto kulingana na watoto waliopo, ili kila mtoto asikie mto wa kwao. Na alikuwa amehitimisha kwamba hadithi iliyochapishwa kitabuni yenye jina moja la mto imekwisha kupoteza meno yake.

Hiyo ni nadharia ya utendaji katika fasihi simulizi, imetolewa na kijana wa miaka 20 kutokana na yale aliyoyaona jikoni kwao. Mimi nilikuwa nimesoma vitabu vizima kuhusu nadharia hiyo na sikuitambua iliponijia ikiwa imevaa Kiingereza kibaya. Nilikuwa natahini Kiingereza huku nikidai natahini fasihi.

Mama huyo msimulizi ndiye Kogo aliyeniuliza swali. Nilimwomba mwanawe radhi siku ile mbele ya watu. Alicheka, akasema alishasahau. Sidhani alisahau, kwa maana aliikumbuka alama kabla sijaitaja.

Wasomaji wa rika langu watakumbuka kibao tulichovishwa shingoni tulipopatikana tukizungumza lugha ya mama shuleni. Mimi nilikivaa. Kuna njia nyingi za kumvisha mtu kibao, na mojawapo ni alama ya D kwa mtu aliyewaza vyema kwa lugha nyingine.

Nini kifanyike

Swali la Kogo lina uzito zaidi leo kuliko wakati wa 1968. Programu za akili unde zinaandika Kiingereza kisicho na kosa la kihusishi. Ikiwa shahada ya Kiingereza ni cheti cha kuonyesha kwamba mtu anaandika bila makosa, basi mashine imekwisha kuhitimu, tena bila kulipa karo. Isitoshe, katika mfumo wa umilisi shule za upili sasa zinatoa fasihi ya Kiingereza na Fasihi ya Kiswahili kama masomo mawili tofauti ya kuchagua. Ukuta tuliojenga vyuoni tumeushusha hadi kwa watoto wa miaka 15.

Napendekeza mambo manne. Kwanza, kila mwanafunzi wa Kiingereza na Fasihi asome angalau kozi mbili za fasihi ya Kiswahili kwa Kiswahili, na mwenzake wa Kiswahili asome mbili upande wa pili. Walimu tunao, madarasa tunayo, kinachokosekana ni idara kukubali kugawana wanafunzi na saa za kufundisha.

Pili, tafsiri iwe kozi ya lazima kwa wote. Hakuna njia bora ya kusoma aya ya Kiingereza kuliko kulazimika kuiandika kwa Kiswahili au Kikalenjin na kutambua ni wapi inakataa.

Tatu, utafiti wa nyanjani wa fasihi simulizi urekodiwe na kuwasilishwa kwa lugha asilia kwanza, ndipo tafsiri na uhakiki vifuate. Tulivyozoea ni kinyume chake: tunahakiki tafsiri na sauti ya msimulizi inapotea.

Nne, na hili halihitaji kikao cha seneti wala pesa, mhadhiri atenganishe alama za hoja na alama za lugha. Atoe zote mbili na aziandike kando kando. Mwanafunzi ajue kwamba amewaza vyema na kwamba sarufi yake inahitaji kazi. Angefanya hivyo mhadhiri mmoja kijana wa miaka ya tisini, karatasi fulani isingekaa kabatini ikiwa na D.

Kabla ya kuondoka Ainabkoi nilirudi kwa Kogo. Nikamwambia kwamba kilichobaki katika Kiingereza ni kujua kinavyofanya kazi, kilifikaje huku, na kimewafanyia nini wale waliokikuta njiani. Nikamwambia mjukuu wake akifundishwa vizuri ataweza kueleza kwa nini mji unaitwa Sisibo, na ataweza kuziandika ngano za nyanyake kwa lugha yake mwenyewe na kuwaeleza Waingereza kwa lugha yao.

“Na asipofundishwa vizuri?” akauliza.

Sikuwa na jibu zuri. Msichana alikuwa amesimama karibu yetu akiwa na birika ya chai, akitusikiliza. Nilimpa nambari yangu ya simu, nikamwambia akifika mwaka wa kwanza na kuambiwa kwamba Shaaban Robert ni wa idara nyingine, anipigie.

Wiki ijayo nitarejelea pendekezo la pili, la tafsiri, na kuonyesha jinsi kozi ya namna hiyo inavyoweza kupangwa kwa muhula mmoja.